Balbu haiwaki, chumvi inatoa maji, floraidi haitoki: tafuta tatizo kwa kuzifuata ioni

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa sekondari, walimu wao wa kemia, na wazazi wa huku Arusha waliochoka kuambiwa "maji yetu yana madini" bila kuelezwa madini hayo yanafanya nini na kwa nini hayaondoki. Maabara na jiko nimeviweka pamoja kwa makusudi. Chumvi ya kwenye bika na chumvi ya kwenye chungu cha makande zinafuata sheria zilezile, na anayezielewa hana haja ya kukariri orodha ya sifa za kampaundi za ioni. Atazifikia mwenyewe.

Kabla hujagusa waya wala kumwaga maji, jiulize swali moja: ioni zilizomo humu zimefungwa au ziko huru?

Ioni ni atomu, au kundi la atomu, lenye chaji kwa sababu limepoteza au limepokea elektroni. Atomu ya sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11. Ikipoteza elektroni moja inabaki na chaji chanya moja. Klorini ina 17 kwa 17. Ikipokea moja inakuwa na chaji hasi moja, na hapo tunaiita kloridi. Chanya na hasi huvutana, na mvutano huo ndio muungano wa ioni. Jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka ni kwamba mvutano huu hauna upande. Ioni ya sodiamu haishikani na kloridi moja tu ikatulia nayo. Inazivuta zote zilizo jirani, juu, chini na pembeni. Ndani ya punje ya chumvi kila sodiamu imezungukwa na kloridi 6, na kila kloridi imezungukwa na sodiamu 6, hivyohivyo hadi ukingo wa punje. Mpangilio huo huitwa latisi. W. L. Bragg aliuonyesha mwaka 1913 kwa kutumia eksirei, na wapo wanakemia wa zama zake waliopata taabu kukubali kwamba ndani ya chumvi hakuna molekuli hata moja ya NaCl. Fomula ile inataja uwiano tu: sodiamu moja kwa kloridi moja.

Dalili: balbu haiwaki kwenye chumvi kavu

Jaribio ni lile la betri, balbu na vijiti viwili vya kaboni vilivyounganishwa kwa waya, vijiti vikachomekwa kwenye chumvi. Hakuna kilichoharibika. Umeme unahitaji chaji inayotembea, na kwenye punje kavu kila ioni imebanwa na majirani sita. Chaji zimo, tena nyingi, lakini hazina njia. Mwanafunzi akiandika "chumvi haina chaji" mkosoe hapohapo, kwa sababu kosa hilo litamfuata hadi kwenye elektrolisisi, yaani kuvunja kampaundi kwa umeme.

Dalili: chumvi imeyeyuka majini, balbu bado haiwaki

Hapa ndipo vipindi vingi vya vitendo vinapokwama, na mara nyingi anayelaumiwa ni chumvi. Anza kwa kugusanisha vijiti viwili vya kaboni nje ya maji. Balbu isipowaka, tatizo liko kwenye betri, waya au balbu yenyewe. Acha kemia pembeni utengeneze mzunguko kwanza. Ikiwaka, rudi kwenye maji.

Sababu ya kwanza ni balbu inayotaka umeme mwingi kuliko maji yanavyoweza kupitisha. Balbu ya tochi ya zamani, ile ya uzi, huhitaji takriban miliampia 300. Kikombe cha maji ya chumvi chenye vijiti viwili vyembamba kinaweza kupitisha kidogo sana kuliko hapo. Ioni zinatembea, umeme unapita, ila uzi haupati joto la kutosha kung'aa. Tumia taa ndogo ya LED nyekundu, ambayo huonekana vizuri hata kwa miliampia chache.

Sababu ya pili wengi hawaijui, na ndiyo inayowavunja moyo walimu wanaofuata maelekezo neno kwa neno. Ili umeme upite kwenye maji ya chumvi lazima mabadiliko ya kikemia yatokee kwenye vijiti: haidrojeni itoke upande mmoja na klorini upande wa pili. Mabadiliko hayo yanakula volti 2.2 hivi kabla ya kitu kingine chochote. LED nyekundu nayo inataka karibu volti 2. Ukitumia betri mbili za tochi una volti 3 tu, na hesabu imeshakataa. Weka betri nne upate volti 6, na uunganishe rezista ya omu 220 kwenye mstari huohuo ili LED isiungue siku vijiti vitakapogusana. LED ina upande chanya na upande hasi, kwa hiyo isipowaka igeuze kabla ya kuitupa.

Sababu ya tatu ni vijiti vyenyewe. Vijiti vya kaboni vinavyotolewa kwenye betri zilizokwisha mara nyingi vimepakwa nta, na nta haipitishi umeme. Visugue kwa msasa mpaka vitie mikono weusi. Toa vijiti kwenye betri za kawaida za zinki na kaboni tu. Betri za alkalini usizipasue, ndani zina kemikali inayounguza ngozi.

LED ikiendelea kukataa, inama uangalie vijiti vyenyewe. Kwenye kijiti kilichounganishwa upande hasi utaona viputo vidogo vidogo vikipanda kwa mstari. Hiyo ni haidrojeni, na ni ushahidi kwamba umeme unapita hata kama taa iko kimya. Upande chanya viputo ni vichache, ila unapata harufu kali ya dawa ya kufanyia usafi. Hiyo ni klorini. Fungua madirisha, fanya kwa dakika chache tu, na usiruhusu mwanafunzi yeyote kuinusa kwa karibu.

Kama ulitumia waya wa shaba badala ya kaboni, maji yatabadilika: utaona rangi ya kijani kibichi au tope la rangi ya chungwa. Shaba ya upande chanya inapoteza elektroni, inageuka kuwa ioni na kuingia majini. Jaribio halijaharibika kabisa, ila sasa unapima shaba pamoja na chumvi.

Dalili: LED inawaka kwenye maji ya bomba kabla hujaweka chumvi

Kwa shule zilizo chini ya Mlima Meru hili ni la kawaida, na si kosa la mwanafunzi. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano hutoka na ioni za sodiamu na baikaboneti ndani yake. Yanapitisha umeme, na LED inafifia ikiwaka. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa vizuri na mvua ya mwanzo, au maji safi ya kuongezea betri ya gari. Hakikisha ni maji, si asidi, kwa sababu vibandani vyote viwili huitwa kwa jina moja.

Maji ya sukari yakiwasha LED, chunguza kijiko. Sukari huyeyuka ikiwa molekuli nzimanzima zisizo na chaji; kuna chumvi imeingia mahali.

Dalili: hesabu ya nishati haitoki

Dalili hii hutokea daftarini. Mwanafunzi ameambiwa kwamba sodiamu "inapenda" kutoa elektroni na klorini "inataka" kufikisha elektroni nane kwenye ganda lake la nje, basi muungano unatokea. Anakutana na takwimu anachanganyikiwa, na ana haki ya kuchanganyikiwa.

Kuitoa elektroni ya sodiamu kunagharimu kilojuli 496 kwa kila moli (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia atomu). Klorini ikiipokea inarudisha 349 tu. Tayari una hasara ya 147. Ongeza gharama ya kuigeuza sodiamu yabisi kuwa gesi, 107, na gharama ya kuitenganisha molekuli ya klorini ili upate atomu moja moja, kama 122. Hasara imefika 376. Kama stori ingeishia kwenye kupeana elektroni, chumvi isingekuwepo duniani.

Kinacholipa deni lote ni latisi. Ioni zikishasogeleana na kujipanga, kila moja ikizungukwa na sita za chaji tofauti na yake, zinatoa kilojuli 787 kwa kila moli. Toa 376 kwenye 787, unabakiwa na 411, na hizo ndizo zinazotoka kama joto sodiamu inapoungua ndani ya klorini kwa mwanga wa manjano. Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa kwa nini muungano wa ioni unatokea, jibu lake liende mbali kuliko "ili kupata nane". Elektroni inahama kwa hasara, na mvutano wa ioni zilizojipanga ndio unaofidia.

Akilielewa hili ataelewa pia kwa nini ukubwa wa chaji una uzito kiasi kile. Magnesiamu oksaidi ina ioni zenye chaji mbili kwa mbili, na ioni zenyewe ni ndogo, hivyo zinakaribiana. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Magnesiamu oksaidi inasubiri hadi zaidi ya 2,800, na ndiyo maana hutumika kwenye matofali ya ndani ya tanuri za kuyeyushia chuma.

Tahadhari moja hapa. Siyo kila metali inayoshikana na kisichokuwa metali inatoa kampaundi ya ioni. Aluminiamu kloridi isiyo na maji ndani yake hugeuka mvuke kwenye nyuzi 180 hivi, jambo ambalo latisi ya kweli ya ioni haiwezi kulifanya. Ioni ya aluminiamu ni ndogo na chaji yake ni tatu, inazivuta elektroni za klorini kwa nguvu kiasi kwamba zinaishia kuchangiwa. Usiamini jina, amini tabia.

Dalili: chumvi haiyeyuki kwa moto, inarukaruka na kupasuka

Mlio ule wa "pa! pa!" ni maji machache yaliyonaswa ndani ya fuwele wakati chumvi inakauka kule ilikotengenezwa. Yakipata moto yanakuwa mvuke na kuipasua punje. Vaa miwani ya maabara, funika bika, na usikaze macho kwa karibu.

Ama kuiyeyusha kabisa, sahau kuhusu jiko la kawaida na neli ya kioo. Nyuzi 801 ni nyingi, na kioo cha kawaida cha maabara kinalegea kabla ya hapo. Baadhi ya miongozo hupendekeza risasi bromidi kwa sababu inayeyuka chini ya nyuzi 400. Mimi siipendekezi kwa shule isiyo na chumba cha kufyonza hewa. Mvuke wake ni sumu.

Anayetaka kuiona kampaundi ya ioni ikiwa imeyeyuka kweli, mkoa wetu una mlima unaofanya kazi hiyo bila maabara. Ol Doinyo Lengai, jirani na Ziwa Natron, ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti za sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Lava ya volkano nyingine, iliyojaa silika, hutoka kwenye nyuzi 1,000 na zaidi. Ya Lengai hutoka kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, nyepesi inayotiririka, nyeusi au kahawia iliyokoza, na usiku hung'aa kwa wekundu hafifu tu. Moja ya madini yake yanaitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Fomula yake ni Na₂Ca(CO₃)₂: sodiamu mbili zenye chaji moja moja na kalsiamu moja yenye chaji mbili, jumla chanya nne, zikisawazishwa na kaboneti mbili zenye chaji hasi mbili kila moja. Ni zoezi zuri la kusawazisha chaji kwa kidato cha pili, tena la nyumbani. Lava hiyo ikishapoa na kukutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe ndani ya muda mfupi, kwa sababu ioni zinaanza kuvuta maji na kujipanga upya. Weupe unaouona kileleni ukiwa mbali si theluji.

Dalili: chumvi ya mezani inashikana na kutoa maji

Wakati wa masika kule Machame na Marangu, kikopo cha chumvi kinaweza kulowa bila mtu kumwagia tone. Sodiamu kloridi safi huanza kunywa unyevu wa hewa pale tu unyevu unapopita asilimia 75 hivi. Chumvi iliyokaushwa kutoka maji ya bahari huja pia na magnesiamu kloridi kidogo, na hiyo huanza kunywa kwenye asilimia 33 tu. Ioni ya magnesiamu ni ndogo na ina chaji mbili, inazivuta molekuli za maji kwa nguvu sana. Kwa hiyo chumvi inayolowa haraka haijachakaa, imebeba magnesiamu.

Punje chache za mchele mkavu ndani ya kikopo husaidia kiasi. Kinachosaidia zaidi ni mfuniko unaobana. Usiikaushe chumvi kwa kuianika juani kila mara, kwa sababu chumvi yetu ya mezani imewekewa madini joto, yaani iodini, kwa njia ya potasiamu ayodeti, na unyevu, joto na mwanga huipunguza. Ile ni kinga ya rovu, itunzeni gizani.

Dalili: ukoko mweupe kwenye birika au sufuria

Mwaga maji safi, koroga, subiri. Ukiyeyuka wenyewe, ni chumvi za sodiamu, ambazo karibu zote huyeyuka majini. Ukikataa maji lakini ukatoa povu ukiukamulia ndimu, ni kalsiamu kaboneti. Loweka kwa maji ya ndimu ya moto, kisha suuza.

Dalili: maji tunachemsha kila siku, lakini meno ya mtoto yana madoa ya kahawia

Hili ndilo lililonifanya niandike. Wazazi huja na uchungu wa kweli: "Mwalimu, mbona maji nachemsha na kuchuja, na mtoto anapiga mswaki asubuhi na jioni?" Mama, unafanya vizuri, na usiache kuchemsha, kwa sababu kuchemsha kunaua vijidudu. Ila madoa yale yanaletwa na floraidi iliyozidi kwenye maji, na floraidi si kijidudu. Ni ioni: protoni 9, elektroni 10, chaji hasi moja.

Fuata swali letu la mwanzo. Ndani ya maji ioni iko huru, lakini haiko peke yake. Molekuli za maji zimeizunguka, upande wake chanya ukiielekea. Maji yakichemka, kinachopaa ni molekuli za maji, zisizo na chaji. Ioni haina uwezo wa kupaa nazo kwenye joto la jikoni. Inabaki sufuriani. Tuseme una lita 10 zenye miligramu 3 za floraidi kwa lita, yaani miligramu 30 kwa jumla. Umechemsha mpaka zimebaki lita 8. Zile 30 zimo zote, na sasa kila lita ina 3.75. Kuchemsha kumeongeza ukali wake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa.

Kitambaa nacho hakisaidii. Bakteria wa kawaida ana urefu wa kama maikromita moja. Ioni ya floraidi ni ndogo kuliko huyo kwa maelfu ya mara. Inapita kwenye kitambaa, kwenye chujio la udongo wa kuchoma, hata kwenye mchanga safi. Vidonge vya klorini vinaua vijidudu na kuiacha floraidi ilivyo.

Inatoka wapi? Miamba ya Meru ni ya volkano, ina sodiamu na floraidi kwa wingi na kalsiamu kidogo. Hapo ndipo muungano wa ioni unapoamua afya ya watu. Kalsiamu ikikutana na floraidi huunda kalsiamu floraidi. Kwa chaji yake mbili na ioni ndogo, latisi yake inashikana sana: lita moja ya maji huyeyusha kama miligramu 16 tu, nyingine hutulia chini ikiwa jiwe. Sodiamu floraidi, yenye chaji moja kwa moja, huyeyuka hadi gramu 40 hivi kwa lita. Basi maji yenye kalsiamu nyingi hujipunguzia floraidi yenyewe njiani, na maji yenye sodiamu nyingi na kalsiamu haba huibeba mpaka kwenye ndoo yako.

Hapa pana mtego. Kalsiamu ndiyo inayoizuia sabuni kutoa povu. Maji yasiyo na kalsiamu hutoa povu zuri, nguo zinatakata, na watu huyasifu kuwa maji laini. Sifa hiyohiyo inaweza kwenda pamoja na floraidi nyingi. Povu zuri lisikupe uhakika wowote kuhusu maji ya kunywa. Ladha wala rangi havitakusaidia pia. Njia ni kupima, na ofisi ya maji ya wilaya yako ndiyo pa kuanzia kuulizia.

Madoa yale hutengenezwa wakati jino bado linajengwa ndani ya fizi, yaani tangu utotoni mpaka umri wa miaka minane hivi. Floraidi kidogo huimarisha jino lisioze. Ikizidi huvuruga ujenzi wa ganda la nje. Jino likishaota na doa, mkaa, mchanga na mswaki mgumu havilitoi, vinalikwangua ganda tu. Na tafadhali msimcheke mtoto wala kumwita mchafu.

Kinachoiondoa, na jinsi chujio linavyoharibika

Ioni huondolewa kwa kupewa mahali pengine pa kushikamana. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe unafanya kazi hiyo vizuri. Mfupa kwa sehemu kubwa ni latisi ya kalsiamu, fosfeti na haidroksidi. Floraidi inakaribiana kwa ukubwa na haidroksidi, na chaji ni ileile, hivyo inaingia kwenye nafasi yake na kuitoa nje. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, huku Arusha, kimefanyia kazi mkaa huu kwa miaka mingi. Ipo pia njia ya shabu na chokaa, iliyoanzia India na kujaribiwa hapa, ambapo aluminiamu huganda na kuzoa floraidi mpaka chini ya ndoo. Na mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio linalochanganya mchanga na chembechembe za nano zinazolenga uchafu wa eneo husika.

Chujio la mkaa wa mifupa likitoa maji ya manjano au yenye harufu ya nyama, mifupa haikuiva: mafuta yamebaki. Rudisha ulikonunua, usiendelee kunywa ukitumaini itaisha. Maji yakitiririka haraka mno, floraidi haipati muda wa kubadilishana nafasi; punguza bomba. Yakipita polepole kupita kiasi, vumbi la mkaa limeziba, lisuuze.

Tatizo gumu zaidi halina dalili. Nafasi za haidroksidi ndani ya mkaa zina idadi. Zikijaa, chujio linaendelea kutoa maji meupe, safi, matamu, yenye floraidi yote kama ilivyoingia. Hakuna jicho litakalogundua. Andika tarehe ulipoanza kulitumia, pima maji yanayotoka kila baada ya muda, na ubadilishe mkaa mapema. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno; mwenye bati na simtanki atenge ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto, ya kisima ayaache kwa kufulia.

Dalili: maji tumebadilisha, mkojo na meno mapya bado vinaonyesha floraidi

Angalia chungu. Kiburu, makande na maharage ya huku mara nyingi huwekewa magadi ili yaive upesi, na kwa kweli yanaiva. Kuta za seli za harage zinashikizwa na kalsiamu, ambayo kwa chaji yake mbili hufunga nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Magadi yanaleta sodiamu nyingi, yenye chaji moja, inaichukua nafasi ya kalsiamu bila kuweza kufunga chochote, na harage linalainika. Lakini magadi yanayochotwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa ni chumvi za sodiamu zilizokauka pamoja, na floraidi iliyokuwa inasafiri na sodiamu imekaukia humohumo.

Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake. Kwa mengi hilo linatosha. Yakiwa magumu sana, tumia baikaboneti ya dukani inayotumika kuokea, kiasi cha ncha ya kijiko kwa sufuria, kwa sababu ile imesafishwa. Na chakula cha mtoto aliye chini ya miaka minane kipikwe bila magadi ya ziwani kabisa.